Karatasi ya Majina ya Mwalimu wa Jiografia

Niuseme ujinga wangu kwanza, maana nikiuficha utatoka wenyewe na kuniaibisha zaidi. Nikiwa kidato cha pili nilimpeleka Mwalimu wa Jiografia kwenye mahame ya kijiji chetu cha zamani, ndani huko kutoka Kabuku. Nikamwonyesha rundo la mawe nyuma ya mahali lilipokuwa jiko letu, nikamwambia kwamba hapo ndipo alipozikwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mzungu fundi seremala aliyepotelea huku kwetu kabla mimi sijazaliwa. Hadithi yote niliitunga mwenyewe. Sikuwa na mzungu wala kaburi. Nilikuwa na mawe, na nilikuwa na mdomo.

Mwalimu alivua kofia. Alipiga magoti kwenye nyasi kavu, akachota udongo kwa vidole katikati ya mawe, akautia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga alilokuja nalo ndani ya mkoba. Alikuja na kopo, yaani alikuwa amejiandaa. Halafu alisimama, akanishika bega na kunishukuru. Angenipiga kofi siku ile ningekuwa nimelala vizuri mwaka mzima uliofuata.

Nikisema Mwalimu simaanishi yule wa kwenye picha, ukutani ofisini kwa mkuu wa shule. Nasema huyu wetu wa shule ya Korogwe, mrefu, mwenye kaptula ya kaki, soksi mpaka magotini na shingo iliyochomwa na jua mpaka ikawa na rangi ya tofali. Miezi miwili ya kwanza tulimwita Mwingereza. Alikuwa anatoka Kanada, lakini upande ambao watu wanazungumza Kifaransa, na ukimwita Mwingereza alifumba macho kama mtu anayesikiliza jino lake likiuma. Kwa hiyo tulizidi kumwita hivyo. Sisi ndio tulivyo.

Alikuwa amechoka. Nimeona watu wengi waliochoka, maana nimetoka Handeni na nimeuona mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, lakini yeye alichoka kwa utaratibu. Aliingia darasani, akaweka chaki mezani, akaegemea ubao, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Nimechoka. Tuendelee." Kila siku. Kwenye shamba la shule alisema hivyo akiwa ameshika jembe. Kwenye kikao cha walimu alisema hivyo pia, tulimsikia dirishani. Tukaanza na sisi kusema hivyo bwenini tukiamshwa kwenda kuchota maji, na kwenye foleni ya uji, mpaka siku moja kiranja aliyasema maneno hayo mbele ya mkuu wa shule akaadhibiwa. Mwalimu aliposikia alikwenda kumwombea msamaha. Alisema maneno ni yake, basi na adhabu iwe yake. Mkuu wa shule hakujua afanye nini na mzungu anayeomba kufyeka majani, akaifuta.

Kulima alijua. Wengine walikuja kwenye zamu ya elimu ya kujitegemea na miwani ya jua na maneno mengi, yeye alishika mstari wake wa mahindi akaenda nao mpaka mwisho bila kunyoosha mgongo. Alituambia kwao mashamba ni membamba kama mkanda wa suruali, yanaanzia mtoni na kupanda juu, na kila baba akifa wanawe wanaugawanya mkanda kwa urefu, mpaka mtu anabaki na shamba ambalo ng'ombe akigeuka anakanyaga kwa jirani. Hilo lilikuwa somo la jiografia. Na ndilo somo pekee la jiografia ninalolikumbuka, ingawa nilipata alama nzuri.

Chumbani kwake alikuwa na karatasi. Hii ndiyo karatasi ninayoizungumzia. Zilikuwa karatasi nyingi zilizounganishwa kwa gundi, zimeviringishwa na kuingizwa kwenye kipande cha mwanzi, na siku alipoileta darasani ilibidi wavulana sita waishike ukutani, kuanzia mlangoni mpaka dirisha la tatu. Imejaa visanduku vidogo vilivyochorwa kwa rula, na ndani ya kila kisanduku pana jina, pana mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Huo ulikuwa ukoo wake. Watu wa vizazi kumi na viwili, wamepangwa kama nyumba za kijiji cha ujamaa, mstari kwa mstari.

Tulianza kusoma na tukaanza kucheka. Wanaume wote walikuwa Yosefu. Wanawake wote walikuwa Maria. Mwalimu alieleza, bila kucheka, kwamba kwao mtoto wa kiume akipelekwa kubatizwa hupewa Yosefu kwanza, wa kike hupewa Maria, halafu ndipo linafuata jina la kuitwa nyumbani. Nikauliza kama mama akiita Yosefu njoo ule, wanakuja wangapi. Akasema hakuna anayekuja, kwa sababu hilo ni jina la Mungu kuwaita, na mama ana jingine.

Halafu akatuonyesha jambo la pili. Wazee wake wa mwanzo walikwenda Kanada wakiwa wanajeshi, na jeshini kila askari alipewa jina la utani. Mmoja aliitwa Ua, mwingine Moyo Mkunjufu. Majina hayo yaliwaganda, wakawarithisha watoto, mpaka ukoo mmoja ukawa na majina mawili, la mzee na la jeshi. Kaka mmoja akatumia hili, mdogo wake akatumia lile, na kaburini ukutane nao huwezi kujua kwamba walinyonya ziwa moja. Ukoo wa mama yake jina lao la jeshi lilikuwa na maana ya Bila Wasiwasi. Tulimtazama vile alivyokaa, mikunjo ya uso imemshuka kama pazia lililolowa, mtoto wa akina Bila Wasiwasi, na darasa likafa kwa kicheko. Hata yeye alitabasamu upande mmoja.

Jambo la tatu ndilo lililonikaa baadaye. Kwenye mstari mmoja wa karatasi kulikuwa na watoto watatu wanaofuatana, wote na jina lile lile, si Yosefu tu bali mpaka jina la nyumbani. Wa kwanza alikufa na miezi minne. Wa pili alikufa na mwaka. Wa tatu aliishi, na ndiye babu yake Mwalimu. Akasema ndivyo walivyofanya kwao, mtoto akiondoka jina lake linamngoja anayefuata.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo walikuwa wanaweka vipuri?"

Darasa zima lilipiga madawati. Yeye alinitazama kidogo, akasema, "Ndiyo. Kama unataka kusema hivyo." Akaendelea.

Hakuwa na subira na walio hai, niseme na hilo, nisije nikamfanya mtakatifu. Wafu wa vizazi kumi na viwili aliwajua mmoja mmoja, lakini majina yetu aliyachanganya mpaka mwisho. Mwanafunzi mmoja wa Lushoto, Mwalimu alimwita kwa jina la mwenzake miaka miwili, mpaka yule kijana akawa anaitika. Alikuwa na hasira za ghafla kwa mambo madogo, kama mtu kukanyaga kamba ya kiatu chake. Alisema hasali tena, lakini pikipiki ikiteleza kwenye mchanga mkono wake ulifanya ishara ya msalaba kabla ya kushika breki, nimeona kwa macho yangu nikiwa nimekaa nyuma. Hakuwa na mke wala mtoto. Kwenye karatasi, chini ya kisanduku chake, hakukuwa na kitu, na mtu akiuliza kuhusu hapo alisema karatasi imeisha. Haikuwa imeisha. Palikuwa na nafasi ya kiganja.

Na alikuwa na kopo la sharubati. Kwao kuna mti ambao unautoboa wakati baridi inapoisha, unakinga maji yake na kuyachemsha siku nzima mpaka yanakuwa kama asali nyembamba. Mama yake alimtumia kopo moja kila mwaka. Aliimwaga kwenye uji, na Jumapili mwanafunzi aliyefanya vizuri alipewa kijiko kimoja, mdomoni, kama dawa. Kijiko kimoja tu. Nilisoma ramani za mvua za dunia nzima kwa ajili ya kijiko hicho.

Lakini swali lake ndilo watu walilolijua. Mtu akimwambia jina lake, awe mwanafunzi, mpishi, au mwenyekiti wa kijiji, hakusema nimefurahi kukufahamu. Aliuliza, "Nani alikupa?" Mwanzoni tulidhani anatusingizia wizi. Kumbe alitaka kujua nani alikupa jina, na kwa nini. Wazee wa Kizigua walimpenda kwa swali hilo. Angeweza kukaa na mzee mmoja saa tatu akielezwa jinsi baba anavyobadilishiwa jina akishapata mtoto wa kwanza, na jinsi mama anavyoacha kuitwa jina lake akaanza kuitwa Mama Fulani. Aliandika yote, akashukuru, akasema amechoka.

Mimi aliponiuliza nilimwambia jina langu ni Bakari, na nilipewa na babu, baba yake baba, ambaye naye alikuwa Bakari. Nikamwambia pia kwamba mama yangu hajawahi kulitamka hata mara moja. Kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake, na kwa kuwa nimelibeba mimi, basi na mimi sitajwi. Ananiita wewe, au baba, au akikasirika ananiita kwa kupiga sufuria. Watu wengine wote wanamwita Mama Bakari, yeye mwenyewe jina hilo halipiti mdomoni.

Mwalimu aliacha kuandika. Alisema mama yake pia ana jina asilolitaja. Na hapo ndipo alipotuambia kuhusu mjomba.

Mjomba wake alikuja huku kijana, akiwa bruda wa misheni, fundi wa milango na viti vya kanisani. Aliandika barua kutoka Korogwe, kila barua imejaa habari za mbao na randa yake, halafu barua zikakoma. Bibi yake Mwalimu alikufa akingoja nyingine, na kabla ya kufa alimwapisha binti yake kwamba atajua mahali kaka yake alipolazwa. Binti ndiye mama yake Mwalimu, sasa mzee wa kitandani. Tangu barua zikome humwita kaka yake yule wa Afrika, basi. Kwenye ile karatasi palikuwa na kisanduku kimoja chenye mwaka wa kuzaliwa na hakina kitu kingine. Mwalimu angeweza kupelekwa kufundisha nchi yoyote, aliomba yetu, na ndani ya yetu aliomba Korogwe, kwa ajili ya kisanduku kile.

Ugumu ulikuwa kwenye majina. Mjomba alikuwa na jina la ukoo na lile la jeshi, na alipoapa kuwa bruda alipewa la tatu. Na wenyeji bila shaka walimpa la nne, maana hakuna mzungu aliyekaa huku na jina lake alilokuja nalo. Mwalimu alipekua vitabu vya misheni, akauliza kwenye mashamba ya mkonge, akasoma misalaba ya makaburi ya Korogwe mpaka walinzi wakamzoea. Aliuliza kila mzee, mzungu fundi seremala mlimwita nani? Jumatatu alirudi na vumbi kwenye nyusi. Nimechoka. Tuendelee.

Kwa hiyo nilijua. Hiyo ndiyo sehemu mbaya. Nilijua anatafuta nini na kwa ajili ya nani.

Likizo ya mwisho wa mwaka alitupa kazi, kila mmoja aandike majina ya watu wa nyumba yao mpaka atakapofika, na nani aliyetoa kila jina. Mwaka ule kwetu hakukuwa na mtu wa kumwuliza majina. Ndiyo kwanza tumeshushwa na lori kwenye kijiji kipya, nyumba haina paa, mvua haina habari, tunakula unga wa njano wa msaada ambao bada yake, yaani ugali, haishikani, na kila mtu mzima anatoka asubuhi kwenda shamba la pamoja na kurudi amenyamaza. Nilichota maji likizo nzima. Kazi ya Mwalimu niliifanya nikiwa juu ya mzigo wa lori, narudi Korogwe, daftari limekaa magotini.

Nikatunga. Niliandika kwamba marehemu bibi yangu alikuwa akimfulia nguo mzungu fundi seremala aliyefika kijijini kwetu peke yake, akatengeneza milango, akaugua, akafa, akazikwa pale pale. Nilimchagua bibi kwa sababu marehemu haulizwi. Niliandika kwamba watu walimwita Bwana Randa, na kwamba mdogo wake bibi alipewa jina Yusufu kwa heshima yake. Nilicheka peke yangu juu ya lori mpaka utingo akaniuliza kama ninaumwa.

Darasani nikaisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Wenzangu walinijua, walikuwa wanacheka ndani ya ngumi. Aliyekaa nyuma yangu alininong'oneza, "Mgosi, leo umeua." Nikamaliza na kuinua kichwa.

Mwalimu alikuwa ameshakuja. Alikaa kwenye dawati langu, pembeni yangu, kama mwanafunzi.

"Bwana Randa," alisema. "Ni yeye."

Ingetosha kusema sentensi moja, Mwalimu nilikuwa natania. Ilikuwa mdomoni, naapa. Lakini wavulana arobaini walikuwa wananitazama, na sijawahi kuua utani wangu mwenyewe mbele ya watu. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Nilichagua Jumamosi ambayo nilijua mama yuko Makuyuni kwa ndugu zake, kwenye arobaini, na baba yuko mkonge. Tulipita Segera na Kabuku kwa pikipiki, tukaingia ndani kwa njia ya ng'ombe. Mahame yalikuwa yameshaanza kumezwa na nyasi. Nyumba zilibaki kuta za udongo zinazoyeyuka, hapa jiwe la kusagia lililovunjika, pale fito za zizi. Nilitafuta kwa macho kitu chochote chenye sura ya kaburi, nikaona yale mawe karibu na mti wa mnyaa nyuma ya jiko letu. Nilikuwa nikiyakalia nilipokuwa mdogo. Nakumbuka kila nilipoyakalia mama aliniita nikalete kuni, nikawa naona ni mawe yenye mkosi wa kazi.

"Mbona fupi?" Mwalimu aliuliza.

"Alikuwa mtu mfupi, Mwalimu."

Alifikiri. "Kwetu wote ni warefu," alisema, kisha akapiga magoti. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Mama aliporudi kutoka Makuyuni alipata habari kabla hajavuka nyumba ya balozi, maana mzungu kwenye pikipiki si jambo la kufichika. Nami sikuwapo, nilikuwa shuleni. Aliniuliza likizo iliyofuata, akiwa anapepeta unga, kama mtu anayeuliza jembe liko wapi. Nilimwambia kwa utani, nikamweleza mpaka kopo na mtu mfupi. Nilidhani atacheka. Mama anajua kucheka.

"Mawe gani?"

"Yale ya nyuma ya jiko. Pale mnyaani."

Aliweka ungo chini. Alikaa kwenye kinu kilicholala, akatazama mikono yake iliyojaa unga, akaifuta, akaitazama tena.

"Pale yupo kaka yako," alisema. "Alikuwa na miezi mitano. Utamwambia huyo mwalimu wako wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo."

Akarudi kwenye unga. Sikujua nimewahi kuwa na kaka. Nilijua nina wadogo wawili wa kike na kelele zao.

Nilirudi Korogwe nikiwa nimepanga maneno. Nikamkuta Mwalimu anapiga mluzi. Tangu afike hatujawahi kumsikia akipiga mluzi. Alikuwa amempa kopo la udongo mtawa mmoja aliyekuwa akirudi kwao likizo, na limeshafika, na barua imekuja. Mama yake ameliweka karibu na mto wa kulalia, na usiku huweka mkono juu yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtaja kaka yake kwa jina. Mwalimu aliifungua karatasi mezani akanionyesha kile kisanduku. Visanduku vingine vyote aliviandika kwa penseli kwanza, hiki alikiandika kwa wino moja kwa moja, Handeni. Halafu akachukua kijiko, akanipa sharubati. Jumatano. Bila mtihani.

Nikaimeza. Ni tamu sana ile kitu.

Mwaka mzima nikawa nakwenda kumwambia na kurudi sijasema. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara nyingi hata akadhani napenda jiografia. Aliacha kusema amechoka, alisema tuendelee tu, na wenzangu walisema mzungu amepona. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka sasa. Utani ulinikauka. Nilikuwa naanza kitu cha kuchekesha darasani na katikati nakiona hakina mwisho, nakiacha. Likizo mama hakuniuliza. Alisikia tu nilivyomsalimu nikishuka kwenye lori, akajua, akanipa ndoo bila kunitazama.

Mkataba wake uliisha nikiwa kidato cha tatu. Wiki moja kabla ya kuondoka alikuja kijijini kwetu kuaga, mchana, kwenye jua la kupasua mawe. Sikuwa nimemtarajia. Aliegesha pikipiki kwenye nyumba zetu za mistari, akavua kofia, akamwambia mama shikamoo ingawa alikuwa mkubwa kwake. Mama aliitikia, akamletea kigoda na chai ya rangi. Uso wa Mwalimu ulikuwa umerudi kama zamani, mikunjo yote imeshuka. Alikuwa na ule mwanzi wa karatasi begani.

Alieleza polepole. Mama yake amekufa. Alikufa vizuri, dada zake wameandika, alikufa mkono uko kwenye kopo, na hawakulitoa. Wamemzika nalo. Amekuja kuwashukuru wenye nyumba, kwa sababu walimtunza mjomba wake kwenye ardhi yao miaka yote ile bila kumjua.

Mama hakunitazama. Alikuwa anachora kwa kijiti chini. Nikajua kama sitasema yeye hatanisemea, na kwamba nikiondoka pale sijasema nitakuwa na mama ambaye ananipa ndoo mpaka afe na hanitazami.

Nikasema. Nilisema yote, lori, Bwana Randa, mtu mfupi. Sikuweka utani popote. Nilipofika kwenye mawe nikamaliza kwamba aliyelala pale ni mtoto, ni kaka yangu.

Kuku alipita katikati yetu. Nilingoja hasira, maana ningejua la kufanya nayo. Mwalimu aliifungua karatasi magotini, akaikunjua mpaka kwenye kisanduku kile, akaniomba wembe. Nikamletea. Akaukwangua ule wino taratibu kama tunavyofanya sisi kwenye madaftari, akapuliza unga wa karatasi, akakwangua tena, mpaka pakabaki peupe na pembamba kiasi cha kuona goti lake upande wa pili.

"Sitamwamsha mama yangu kumwambia," alisema.

Kisha akamgeukia mama yangu. Alimwuliza kwa heshima, kwa ile sauti ya kuuliza wazee, "Mtoto aliitwa nani?"

Mama aliacha kijiti. Nilitaka kumwambia Mwalimu asimwulize, sijui kwa nini. Mama alifuta kwa kiganja alichokuwa amechora chini.

"Bakari," alisema.

Nimekuwa Bakari maisha yangu yote, na ile ndiyo mara ya kwanza kulisikia kwenye mdomo wa mama, na hakuwa ananiita mimi. Alilisema kama mtu anayetua mzigo kichwani bila msaada.

"Nani alimpa?"

"Baba mkwe wangu. Na huyu alipokuja, akapewa lile lile."

Nikakumbuka wanavyomwita Mama Bakari, watu wa Makuyuni na wa huku. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Kumbe walikuwa wameshamwita hivyo kabla sijazaliwa. Mwalimu alinitazama, na nikajua anakumbuka kile nilichouliza darasani siku ya wale watoto watatu. Hakunikumbusha. Angenikumbusha ningemchukia, na mambo yangeishia hapo.

Alitoa penseli. Pembeni ya kisanduku cha mama yake alichora kingine kidogo, kwa ukingo wa kiberiti badala ya rula, akaandika jina. Akamwonyesha mama, akisema huyu jirani yake ndiye aliyezikwa na kopo. Mama hajui kusoma, lakini alitazama mpaka alipomaliza.

"Nimechoka," Mwalimu alisema akisimama. Tukangoja nusu ya pili, mimi na nadhani hata mama, maana nilikuwa nimemsimulia. Hakuisema. Aliingiza karatasi kwenye mwanzi, akampa mama mkono wa kuaga, akanipa na mimi, mkono mkavu, akawasha pikipiki mara ya tatu ndiyo ikawaka. Tukasimama kwenye mstari wa nyumba mpaka vumbi lake likatua kwenye njia ya Kabuku. Sijamwona tena. Kisanduku cha mjomba, ninavyojua, bado ni cheupe.

Mama aliokota kikombe, akamwaga chai iliyobaki. Halafu alinitazama, mara ya kwanza tangu likizo ile alipokuwa akipepeta unga. Alichosema ni hiki, sijaongeza wala kupunguza:

"Basi Bakari kapata bibi huko. Wewe uliyebaki, chukua ndoo, bomba linafungwa saa kumi na moja."